Mashine Inayozimika Nikiikalia

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu, ni la mashine. Fundi aliyeishusha leo kutoka kwenye gari la duka ameniambia waranti ni ya miezi mitatu, na ikinisumbua niandike siku, saa na ilichofanya. "Bila maandishi, baba, dukani hawatakusikiliza," amesema. Ni binti mdogo mwembamba, mfuko wa zana unamvuta bega. Nimemjibu kwamba nimekaa miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya malori ya barabara kuu, na nimeandika kuliko hakimu. Hakucheka.

Haya, naanza. Mashine ya kukatia nyasi, ya kukalia, ya betri. Ina usukani kama wa gari, pedali mbili, na visu viwili chini ya tumbo. Mafuta haitumii hata tone, na kelele yake ni ya feni. Inalala gereji, imechomekwa ukutani.

Ameinunua mwanangu mkubwa, ambaye tangu ana miaka minne tunamwita Bosi, kwa jinsi alivyokuwa akitupangia pa kukaa mezani. Haikuja bure. Tangu mwaka uanze Bosi anataka tuuze nyumba hii tukaishi karibu naye, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ambako udongo utauona kwenye chungu cha maua tu. Hati ya nyumba ina majina mawili, langu na lake; kosa hilo nililifanya mwenyewe siku moja nilipokuwa na furaha. Tumekubaliana mbele ya mama yake: nikiuweka uwanja huu safi kwa mikono yangu mpaka mvua ziishe, mwisho wa Mei, hatataja tena habari ya kuuza. Ukinishinda, natia sahihi. Tumepeana mikono.

Kinyozi nimemwachisha kazi. Ametukatia nyasi miaka kumi na tisa, kwa usafi uliompa jina hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta panga lake kwa jani, akasema, "Sawa, mzee. Mambo yakiwa mazito, unajua ninapokaa." Hayo maneno ya mwisho sikuyapenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Mashine haikutoka.

Jumapili, 9 Machi

Saa nne asubuhi. Uwanja wa mbele wote, dakika hamsini, haikuzima hata mara moja. Mke wangu alitoka barazani na kikombe chake, akanitazama nikizunguka. "Kumbe nimeolewa na dereva," akasema. Nikampungia mkono kama waziri. Nilimpigia Bosi nikampa habari. "Vizuri, baba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetegemea jingine.

Ijumaa, 14 Machi

Imezima. Saa nne na robo, kwenye mteremko wa nyuma unaoshukia mtaroni. Visu vilinyamaza, mashine ikasimama, taa ndogo nyekundu ikawaka kando ya usukani. Taa ina picha ya mtu ameketi. Nadhani ni ya kumkumbusha dereva awe makini. Nimezungusha ufunguo, imewaka, tumeendelea.

Jumamosi, 15 Machi

Imezima mara mbili. Mteremko uleule, na pale penye shimo la kisiki. Betri ilikuwa imejaa.

Jumatano, 19 Machi

Manyunyu. Nilivaa koti langu la turubai la kazini na buti za chuma, nikakata mbele na nyuma. Haikuzima. Nimefikiri imejirekebisha yenyewe, kama mtoto aliyezoea shule.

Jumamosi, 22 Machi

Jua. Shati na kandambili. Imezima mara nne. Nimempigia fundi.

Jumanne, 25 Machi

Fundi amekuja. Amefungua hiki, amepuliza kile, amesoma betri kwa kifaa chake. Kisha akaikalia mwenyewe, akaupanda mteremko na kuushuka mara tano, akapita juu ya shimo la kisiki kwa makusudi. Haikukohoa hata mara moja. Binti ambaye mimi ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja.

"Haina neno, baba," akasema.

"Ikiwa na wewe haina neno. Ikiwa na mimi inazira."

"Labda unaikanyaga pedali kwa nguvu."

Nimewaendesha madereva wa malori maisha yangu yote, leo nafundishwa kukanyaga pedali. Nimemwacha aende. Mke wangu alimpa chai, nami nikajifanya natafuta miwani.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua wiki nzima. Nyasi zimefika kwenye vifundo. Mke wangu amenipunguzia suruali ya kaki kiunoni, mara ya pili mwaka huu. Nimemwambia kwamba fundi cherehani aliishona ovyo tangu mwanzo. Alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kushona. Chakula nacho kimepoteza ladha siku hizi. Nimemwambia abadilishe mafuta ya kupikia.

Jumanne, 1 Aprili

Imezima mara tano.

Jumamosi, 5 Aprili

Imezima mara saba. Nimeandika saa za zote pembeni.

Nilipokuwa kazini kila dereva aliyezidisha mzigo aliapa kuwa mizani ni mbovu. Wengine walilia, wengine walinitajia wakubwa wao. Niliwaambia wote neno moja: mizani haina shangazi. Nilijua mtu anapodanganya na nilijua chombo kinapodanganya, na leo nasema mbele ya karatasi hii kwamba mashine hii imechezewa.

Asubuhi nilikuta komeo la gereji halijafungwa. Mke wangu hafungui gereji. Nani mwingine anaijua gereji yangu kama nyumba yake? Nimechukua fimbo nikaenda mpaka kwenye maduka, ambako Kinyozi siku hizi ananoa visu vya watu chini ya kibaraza cha fundi viatu. Kulikuwa na wateja watatu. Sikuwajali.

"Umeingia gereji yangu," nikamwambia.

Aliinua macho kutoka kwenye jiwe la kunolea. "Mimi, mzee?"

"Umeichezea mashine ili nikurudishe kazini."

"Mzee wangu, mimi ile mashine sijui hata inawashwa wapi."

"Ulisema mambo yakiwa mazito najua unapokaa. Sasa nimekuja."

Mama mmoja aliyekuja kunolewa kisu akageukia pembeni. Kinyozi akasimama, akajipangusa mikono, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole. "Mzee, umekonda," akasema. "Unaumwa?"

"Usinibadilishie mazungumzo."

"Sibadilishi. Nakuuliza tu, maana sijakuona mwezi mzima."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimepumzika njiani mara mbili. Jua lilikuwa kali.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Bosi amekuja kukagua, ingawa yeye anaita kusalimia. Uwanja wa nyuma umenishinda wiki hii, nakiri, nyasi zimefika nusu ya goti. Alisimama dirishani mikono mfukoni, akasema, "Naona." Neno hilo moja tu.

Nikamwambia mashine yake ni takataka. Akavua koti, akaenda gereji, akaikalia. Bosi ana tumbo la mtu anayelipwa vizuri. Alikata uwanja wote wa nyuma kwa saa moja huku anapiga mluzi, mteremko, kisiki, kila kitu. Haikuzima. Aliporudi alikuwa na majani kwenye soksi na tabasamu aliloshindwa kulificha.

Hapo nikaelewa. Mashine hii inaungana na simu. Aliniambia mwenyewe Machi kwamba akiwa kazini anaweza kuona betri imefika wapi. Anayeweza kuona anaweza kuzima.

Nilimwambia hivyo, mezani, mbele ya mama yake. Nilimwambia kila nikipanda ile mashine yeye anabonyeza kwenye simu huko ofisini, ili nishindwe, ili nitie sahihi. Nilimwambia nilimlea vibaya.

Halafu akatoa simu, akaiweka mbele yangu. "Ifungue, baba. Tafuta hicho kitufe." Sikuigusa. "Unaniona mimi mtu wa namna gani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto, na nilichukia kuisikia. Mama yake akasema, "Basi, tuleni." Hakuna aliyekula. Bosi aliondoka bila kuniaga, na mkewe ambaye hupiga simu kila Jumapili sidhani kama atapiga kesho.

Jumapili, 13 Aprili

Hakupiga.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo kuna jambo. Kabla sijatoa mashine mke wangu alikuja na mfuko wa udongo wa bustani, akaniambia, "Kwa kuwa unaelekea nyuma, nipakatie huu, ukimaliza uniwekee karibu na bomba." Nimeupakata mapajani. Nimekata nyuma kote na mfuko mapajani kwa sababu kushuka na kupanda kunanichosha. Haikuzima hata mara moja.

Bosi ameogopa. Nilimkamata, ameacha kubonyeza.

Alhamisi, 24 Aprili

Mfuko mwingine, wa mchanga. Anataka kujaza mahali panapotuama maji. Imekwenda salama.

Jumamosi, 26 Aprili

Matofali manne kwenye kikapu. Imekwenda salama. Nimemwambia mke wangu bustani yake sasa imekuwa eneo la ujenzi. Akasema mimi nikate nyasi tu, ya bustani nimwachie.

Alhamisi, 1 Mei

Uwanja unapendeza. Jirani wa ng'ambo ameusifu kupitia ukutani. Wiki nne zimebaki. Nimempigia Bosi, hakupokea.

Jumamosi, 10 Mei

Mke wangu amekwenda kwa dada yake siku mbili. Nilitoka peke yangu. Imezima kabla sijafika hata kwenye mteremko. Imezima kwenye tambarare, mbele ya baraza, mahali ambapo hata toroli halikwami. Nimeiwasha, imezima. Nimeiwasha, imezima. Nimeipiga teke, na kidole kimevimba. Nimeketi juu yake kama mjinga mpaka manyunyu yakanifukuza.

Jumanne, 13 Mei

Amerudi. Mfuko wa mchanga mapajani, na ndoo ya changarawe ameifunga kwa kamba nyuma ya kiti. Nimemuuliza changarawe za nini. Akasema za njia ya kwenda bomba. Tangu lini bomba lina njia? Imezima mara mbili tu.

Jumamosi, 17 Mei

Mara sita, na mfuko na ndoo vikiwepo. Nimeuacha uwanja nusu. Kupandisha mguu kwenye mashine ilinibidi nishike ukuta.

Nimempigia fundi. Nimemwambia aje aiondoe, nina daftari zima la ushahidi, na duka lirudishe pesa ya watu.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Fundi alifika saa tatu. Alisoma daftari hili akiwa amesimama gereji, ukurasa kwa ukurasa, hata mambo ambayo hayakumhusu. Akarudi nyuma, akasoma tena siku ya koti la turubai na buti. Akarudi siku ya mfuko wa udongo. Kisha akaniomba nipande.

Nikapanda. Nikawasha, ikawaka, ikatembea hatua tano, ikazima. Taa nyekundu.

"Umeona?" nikasema. Kweli nilifurahi. Hatimaye ilikuwa imezima mbele ya shahidi.

Hakugusa betri wala waya. Alikuja nyuma yangu, akasema, "Samahani, baba," akaniwekea mikono miwili mabegani na kunikandamiza chini. "Washa." Nikawasha. Akatembea pamoja nami, ananikandamiza, mpaka kwenye kisiki na kurudi. Haikuzima. Akaachia mikono. Ikazima.

"Baba, una kilo ngapi?"

Nikamwambia sabini na moja. Ndizo nilizokuwa nazo nilipostaafu.

Alichuchumaa ili tutazamane. "Chini ya kiti kuna swichi. Isipohisi mtu amekaa, inazima visu, ili mtu akianguka visimkate. Hii taa yenye picha ndiyo inasema hivyo. Inasema kiti hakina mtu."

"Mimi nimekaa."

"Umekaa, baba. Lakini yenyewe haikuhisi."

Nilimwambia basi hiyo swichi ni mbovu. Akasema ameipima, ni nzima. Akaikalia yeye, ikawaka. Akashuka. Nikamwambia inawezekana imechoka. Nikamwambia inawezekana ni unyevu. Kila neno nililotoa niliwahi kuambiwa na dereva wa lori aliyeshika kofia mkononi dirishani kwangu, na nilijua hivyo wakati nalitamka, na bado nilitamka jingine.

Alipoondoka nilimkuta mke wangu jikoni. Hakuwa anapika, alikuwa amekaa tu. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilisoma kile kijitabu chake," akasema. "Siku ile ulipotoka kwa Kinyozi ukalala mpaka jioni."

"Tarehe tano Aprili."

"Sijui tarehe. Wewe ndiye unayeandika."

"Na mifuko?"

"Na mifuko."

Nimekamata madereva wa kila aina waliopunguza mzigo kichakani kabla ya kufika kwenye mizani. Sikuwahi kukutana na aliyeongezewa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia twende hospitali. Akasema aliniambia mara mbili Februari, nikamwambia asinitafutie ugonjwa. Hilo ni kweli. Akasema tungekwenda hospitali Bosi angejua, na Bosi akijua basi nyumba imekwenda. "Nikasema tufike mwisho wa Mei kwanza," akasema. "Na mimi nyumba yangu naipenda."

Nilimkasirikia sana. Nimeishi naye miaka arobaini na mbili na leo nimemwona kama mtu wa kando ya barabara. Alikuwa akiniona napungua, akipima kwa macho, akiniongezea udongo. Halafu hasira ikaisha yenyewe, kwa sababu mimi pia nilikuwa nikifunga mkanda kwenye tundu jipya kila wiki, tundu nililotoboa mwenyewe kwa msumari, gereji, mlango ukiwa umefungwa. Komeo nililolikuta wazi siku ile nililiacha mwenyewe.

Jumatatu, 26 Mei

Nimempigia Bosi. Safari hii amepokea. Nimemwambia kitufe hakipo. Nimemwambia nimekosa. Alianza kulia, nikamwambia tutaonana hospitali kesho kutwa, asichelewe.

Jumatano, 28 Mei

Kilo arobaini na sita. Nesi alitaka kuniandikia haraka, nikamwomba asubiri mshale utulie. Ulitulia palepale.

Daktari ni mtu mpole, kucha safi. Amenibonyeza tumbo, amenipeleka kwenye picha, ameturudisha tukae. Ameuliza, "Ilianza lini?" Mimi nikasema si muda mrefu. Mke wangu akafungua pochi yake, akatoa daftari hili, akaliweka mezani kwa daktari. Sikujua kama amelibeba.

Daktari alilisoma kwa kidole. Mara mbili, mara nne, mara tano, mara saba. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu naye anasoma, na najua alisoma yote, pamoja na tumbo la mtu anayelipwa vizuri. Kidole cha daktari kilirudi juu kikasimama kwenye tarehe 14 Machi. Akasema angetamani angetuona wakati ule. Akaeleza mengine ambayo sitayaandika humu, maana daftari hili ni la mashine.

Ijumaa, 30 Mei

Nimetia sahihi. Bosi alisema hakuna haraka, baba, tuache kwanza. Nikamwambia mkono nilimpa mimi, na Mei inaisha kesho. Mama yake alikwenda kusimama kwenye bustani yake, karibu na mchanga wote ule, hakurudi ndani mpaka Bosi alipoondoka.

Jumamosi, 31 Mei

Waranti inaisha keshokutwa. Fundi amepiga simu kuuliza aandike nini kwenye fomu ya duka. Nimemwambia: mashine haina kasoro.

Kinyozi amekuja asubuhi. Mke wangu ndiye aliyemwita, uwanja uwe msafi mnunuzi akija. Nilimsubiri barazani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, ila yalitoka mawili tu. Akasema, "Yameisha, mzee." Akanirekebishia blanketi magotini bila kuniuliza, kisha akaenda gereji. Nilimwelekeza kwa sauti kutoka kitini: ufunguo kulia, pedali ya kushoto ni ya kurudi nyuma.

Amekata mbele yote. Anaendesha polepole, ulimi pembeni ya mdomo. Akazungukia nyuma, akauelekea mteremko. Nilishika nguzo ya baraza nikainuka nione vizuri. Namjua Kinyozi miaka kumi na tisa, sina ubaya naye, na bado nilisimama pale naomba izime, mara moja tu, hapo hapo inapozimaga.

Imeshuka, imepanda, imepita juu ya kisiki. Haikuzima.